Bwawa la Kina Mama wa Garissa

Tuliondoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri, wanawake watano na watoto wawili, kwenda Garissa kumzuru jamaa yetu aliyeolewa huko. Basi lilipita Malindi, Garsen na Hola, na kadiri tulivyoiacha bahari nyuma ndivyo minazi ilivyotoweka, ikabaki migunga na vumbi jekundu. Kipupwe kilikuwa kimeingia. Huko kwetu kusi ilikuwa ikivuma, nasi tulidhani kwamba Kaskazini Mashariki, nchi inayosifika kwa jua kali, haina habari ya baridi. Jioni tulipofika Madogo na kulivuka daraja la mto Tana, upepo ulitulazimisha kujifunika mitandio mara mbili. Wenyeji wa Kisomali huuita msimu huo Hagaa: mvua za Gu zimekwisha, mawingu hulificha jua kwa siku nyingi, na upepo haupumziki.

Kesho yake, kabla jua halijapanda, mwenyeji wetu alitupeleka kuliona bwawa la samaki ambalo yeye na wanawake wenzake kumi na mmoja wamelichimba pembeni mwa shamba lao, mahali palipoinuka, kwa kuwa hakuna aliyesahau mafuriko ya mwaka 2024. Habari ya bwawa ilitushangaza. Wasomali wa Garissa ni wafugaji. Utajiri wao ni ngamia, ng'ombe na mbuzi, na kwa vizazi vingi samaki hakuhesabiwa kuwa chakula cha mtu mwenye mifugo. Waliomjua samaki ni watu wa mtoni, Wamunyoyaya na Wapokomo. Lakini ukame ulioanza mwaka 2020 ulipitisha misimu mitano ya mvua mfululizo bila mvua ya kutosha, na mifugo ikafa kwa wingi.

"Nilikuwa na mbuzi ishirini, nikabakiwa na wawili," alitwambia mwanamke mkubwa wao, ambaye watoto wote humwita Ayeyo, yaani bibi. "Nikasema, kama nchi kavu imetunyima, tuyaombe maji."

Wakachanga fedha, wakanunua vifaranga vya ngege, ambao wengi huwaita tilapia, na wakawa wanayavuta maji ya Tana kwa pampu.

Tulipolifikia bwawa tulikuta huzuni. Samaki walikuwa wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wakihema kama watu waliokimbia. Wengine walikuwa wameelea matumbo juu. Fedha za wanawake kumi na wawili zilikuwa zikielea mbele ya macho yetu.

"Ni baridi," alisema mmoja. "Imewaua."

Ayeyo alikuwa ameliona hilo tangu siku za nyuma, samaki walipoanza kuzubaa, naye alifanya kama afanyavyo mama yeyote kwa mtoto mgonjwa: aliwaongezea chakula. Kila asubuhi alimwaga pumba mara mbili ya kawaida ili wapate nguvu.

Wakampigia simu afisa wa uvuvi. Alikuja, akazamisha kipimajoto, akasoma nyuzi 22 za Selsiasi. Kisha akatia mti chini ya bwawa na kuutoa. Ulitoka na tope jeusi lenye harufu mbaya: pumba zilizooza.

"Mama zangu," alisema kwa upole, "baridi hii haikuwaua. Imewaondolea hamu ya kula tu."

Akatufafanulia, nasi tukamsikiliza kama wanafunzi. Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Joto la mwili wake ni lile la maji anamoishi. Ngege hustawi maji yakiwa baina ya nyuzi 25 na 30. Yakishuka chini ya 20, hula kidogo na hukua polepole. Yakifika 16 hivi, huacha kula. Chini ya 12 huanza kufa. Garissa haifiki huko. Lakini maji yakipoa ghafla, hata kwa nyuzi chache, tumbo la samaki hupunguza kazi. Chakula kisicholiwa huzama na kuoza, na kila kinachooza hula oksijeni iliyomo majini. Tena mimea midogo iliyoyafanya maji kuwa ya kijani hutoa oksijeni mchana kwa nguvu ya jua. Siku za mawingu hutoa kidogo, na usiku nayo huvuta kama samaki wavutavyo. Ndiyo sababu msiba huonekana alfajiri.

Jambo hili si la Garissa peke yake. Huko Norwei, ambako samaki aina ya samoni hufugwa ndani ya nyavu baharini, wafugaji huyaogopa majira ya baridi. Samoni ni samaki wa maji baridi, lakini naye ana mpaka wake. Maji yakishuka chini ya nyuzi 8 hivi, hamu yake hupungua na jeraha dogo la ngozi huchelewa kupona. Hapo huingia bakteria apendaye baridi, aitwaye Moritella viscosa, akalifanya jeraha kuwa kidonda kikubwa. Baridi hufungua mlango, na adui mwingine ndiye aingiaye.

Nasi hatuhitaji kwenda Ulaya kuwaona jamaa wa samoni. Mto huu wa Tana huanzia katika vijito vya Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Huko juu, Kiganjo karibu na Nyeri, hufugwa trauti, samaki wa ukoo mmoja na samoni, aliyeletwa Kenya na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Maji ya nyuzi 12, ambayo yangemwangamiza ngege, kwake ni raha. Na maji ya Garissa wakati wa jua kali yangemuua yeye. Mto ni mmoja, na kila kiumbe amepewa kipimo chake.

Siku ile hakuna aliyewalisha samaki. Wanawake waliingia bwawani, wakakomba tope kwa ndoo. Pampu ikawashwa, na mpira ukainuliwa juu ili maji mapya ya mto yaanguke kwa kutawanyika na kubeba hewa. Kufikia adhuhuri midomo ilikuwa imepungua juu ya maji. Waliokufa walihesabiwa: sitini na watatu. Waliobaki ni mamia. Ayeyo aliketi kivulini kimya, kisha akasema, "Niliwaua kwa huruma."

"Hukuwaua, Ayeyo," mwenyeji wetu alimjibu. "Hukuwa umefundishwa. Sasa umefundishwa."

Tulipoondoka baada ya siku nne, kipimajoto kilikuwa kimefungwa kwa kamba kwenye kigingi, na zamu ya kukisoma imepangwa. Hakuna tena kulisha alfajiri. Husubiri jua lipande na maji yapate joto, huanza kwa kiganja kimoja, na chakula kikibaki juu ya maji kwa robo saa, hawaongezi kingine.

Usiku wa mwisho tulipika samaki wawili kwa tui la nazi tulizochukua Mombasa. Ayeyo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumla samaki, alimega kipande kidogo, akasoma Bismillahi, akala. Tulimtazama. Hakusema kitu, ila alinyoosha mkono akachukua kipande cha pili.

Mwenyezi Mungu awabarikie riziki yao, nasi atujaalie kuuliza kabla ya kuongeza.