Mama aliposusia honda yangu

Mwenzenu hapa karibuni nilikuwa na honda inayofagiliwa kuliko zote pale maskani, na mama yangu mzazi akawa anaipita mlangoni kama hajaiona. Pakacha kichwani, huyoo, anakwenda zake kusubiri daladala.

Nianze mwanzo. Kwetu Unguja pikipiki yoyote ni honda, lakini yangu mie ni Honda kweli, 250, zile za miguu mirefu ambazo watalii walikuwa wakikodi kwenda nazo Nungwi na Paje. Nimeinunua kwa mtu, ikiwa imeshachoka, kwa pesa za kudunduliza. Sisi kwetu ni Kidichi, huko huko kwenye mashamba ya viungo na lile hamamu alilojenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mama mara mbili kwa wiki anapeleka viungo vyake kwenye duka moja la Mji Mkongwe: mdalasini, iliki, pilipili manga, kungumanga. Daladala inamlia nauli yake, na konda mwingine anataka na nauli ya pakacha. Kwa hiyo niliponunua honda nilimwambia, "Mama, sasa basi. Dereva wako mie."

Kupanda Kidichi hakuna tatizo. Kasheshe ni kuteremka kwenda Bububu. Mama nyuma, pakacha ubavuni, kila nikishika breki honda inainamisha kichwa kama inasujudu, halafu kwenye shimo unasikia mbele "ko!" chuma kwa chuma. Mama anavuta pumzi, hasemi kitu.

Kwa wasiojua, yale mabomba mawili ya mbele yanayoshika gurudumu, ambayo wengi tunayaita shokapu, kila moja ndani lina springi ndefu na oil. Kazi zao ni mbali mbali. Springi inabeba uzito. Oil inaituliza ile springi isirukeruke kama mtoto aliyekunywa chai ya sukari nyingi. Ile "ko!" yangu maana yake springi zimeminywa zikafika mwisho, safari imekwisha.

Nikampelekea fundi mmoja. Hakupima kitu. Kafungua vifuniko vya juu, katumbukiza kipande cha bomba cha sentimita mbili juu ya kila springi, kafunga, kadai chake. Kweli honda ikanyanyuka mbele, ikasimama kifua wazi. Nikafurahi. Kesho yake teremko lile lile, shimo lile lile, "ko!"

Hapo ndipo washkaji wa maskani wakanipa akili zao. Ati springi zangu ni za kitoto, nitafute za honda kubwa. Mmoja akaniletea jozi iliyotoka kwenye pikipiki ambayo hata jina lake halijui, waya mnene, ukiishika mkononi unajua hii ni chuma. Nikazifunga siku hiyo hiyo. Masela wakaja mmoja mmoja wanaegemea usukani, wanakandamiza kwa nguvu zote, honda haishuki. "Mwanangu, hii sasa ni ya dume!" Nikavimba. Nikanunua na soda.

Wallahi nilikuwa nafanya mambo ya kuuza sura.

Siku ya safari, mama akapanda. Kila kijiwe njiani nakisikia kwenye viganja, kila tuta linapanda mpaka kwenye meno. Tukafika kwenye teremko, pale njia imechimbika, mbele akatokea mbuzi. Nikashika breki. Gurudumu la mbele badala ya kukamata ardhi likaanza kudunda, tap tap tap, na gurudumu lililo hewani halina breki, ndugu yangu. Usukani ukanichenga, tukaangukia ubavu kwenye majani. Mbuzi mzima. Mie mzima. Mama kachubuka goti, na kungumanga zimetapakaa barabarani kama gololi.

Hakunigombeza. Alikaa pembeni, akaokota kungumanga moja moja, akazipangusa kwa kanga, halafu akaniuliza, "Mwanangu, honda hii umemtengenezea nani?"

Sikuwa na jibu. Akaenda kupanda daladala. Na wiki ile, na iliyofuata, na iliyofuata tena.

Swali lile likaniuma kuliko bega. Kila nilichofanya kwenye ile honda, nilikuwa namsikiliza mtu asiyepanda nyuma yake. Basi nikaamua nianze upya, safari hii kwa kupima.

Mnamkumbuka yule Mwingereza Robert Hooke aliyetukosesha usingizi skuli? Sheria yake aliitoa mwaka 1678: ukizidisha uzito mara mbili, springi nayo inaminyika mara mbili. Kumbe pale ndipo siri yote ilipo. Nguvu ya springi ni kilo ngapi zinahitajika kuiminya milimita moja, na hiyo unaweza kuipima uani kwenu.

Nikachomeka fimbo ya chuma katikati ya springi ili isipinde, nikatengeneza kibao chenye tundu, juu yake nikaweka mfuko wa mchele wa kilo 25 huku mdogo wangu kaushika usianguke. Mama akatoka jikoni, "Mchele wangu huo?" Nikamwambia nausomesha. Springi za zamani zikaminyika milimita 60. Zile za dume, milimita 30. Yaani nilikuwa nimefunga springi ngumu mara mbili kamili, bila kujua, kwa sababu tu waya wake mnene.

Na huo unene usiuchezee. Springi mbili zikifanana kila kitu, moja ina waya wa milimita 4 na nyingine 4 na nusu, ile ya pili ni ngumu zaidi kwa karibu asilimia 60. Nusu milimita hiyo! Jicho haliwezi kukwambia.

Nikapata pia jibu la bomba la fundi. Kile kipande kinaisukuma springi kabla hujakaa juu, kwa hiyo honda inanyanyuka, lakini springi haijawa ngumu zaidi. Kilo zile zile zinaiminya milimita zile zile. Ndiyo maana ilisimama kifua wazi na bado ikagonga. Tena ukijaza sana, honda inakaa juu mno na gurudumu linakosa nafasi ya kushuka ndani ya shimo. Na wale wanaokata springi kupunguza mizunguko wajue kwamba kila ukikata ndivyo inavyozidi ugumu, siyo ulaini. Ukitumia moto wa gesi kukatia, chuma nacho kinaharibika.

Baada ya hapo nikapima honda yenyewe. Nikanyanyua gurudumu la mbele lisiguse chini, nikapima bomba linalong'aa limetokeza kiasi gani. Halafu nikaishusha, nikakaa juu kama ninavyokaa barabarani, mdogo wangu akapima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayokwambia ukweli. Honda ya aina yangu, ambayo mbele inaweza kushuka karibu milimita 200, mtu akikaa inafaa ishuke kama robo mpaka theluthi ya hapo, yaani milimita 50 mpaka 65 hivi. Springi za zamani, kabla ya lile bomba, zilishuka 86. Za dume zilishuka 26 tu, hata robo hazikufika.

Jambo moja lilinishangaza. Mama akikaa nyuma, uzito wake mwingi unakwenda gurudumu la nyuma, mbele panaongezeka kidogo tu. Lakini ukishika breki kwenye teremko, mzigo mwingi unahamia mbele: wako, wa mama na wa pakacha. Kwa hiyo springi za mbele hazichaguliwi kwa siku ya tambarare ukiwa peke yako. Unazichagua kwa siku ile mbaya. Viwanda vya Ulaya na Marekani vinavyouza springi za pikipiki swali lao la kwanza kwako ni uzito wako na unachobeba. Mimi washkaji waliniuliza rangi.

Hesabu ikanionyesha nataka springi ya katikati, kilo 25 ziiminye milimita 50. Nikaandika kwenye karatasi urefu, upana wa nje, unene wa waya na idadi ya mizunguko, nikampa jamaa yangu anayekwenda Kariakoo kila mwezi. Nikamwambia usiangalie jina, chukua rula. Akarudi na boti, jozi ipo mfukoni. Nikazipitisha kwenye mtihani wa mchele, zote mbili, kwa sababu moja ikiwa dhaifu kuliko mwenzake hujapata kitu. Milimita 50 na 50.

Wakati wa kufunga nikamwaga oil yote ya zamani, ilikuwa nyeusi kama uji wa makaa, nikatia mpya ya shokapu, sawa sawa kulia na kushoto. Msije mkatia oil nzito ya injini ili eti iwe ngumu. Oil nzito inazuia mwendo tu, mzigo haibebi. Na ukifungua vifuniko vya juu, nyanyua kwanza gurudumu, na uso wako uweke mbali, maana kile kifuniko kina springi chini yake na kinaweza kuruka kama risasi.

Nikapima tena: peke yangu, milimita 52. Nikaenda jikoni. "Mama, njoo ukae kidogo tu, hatuendi popote." Akaniangalia. "Na pakacha?" Na pakacha. Akakaa uani kwetu huku majirani wanachungulia, mdogo wangu kapiga magoti na futi. Milimita 60. Nikamwonyesha, akasema, "Mie sijui hizo. Kesho tutaona."

Kesho yake tukateremka polepole. Nikapita pale pale palipotokea mbuzi. Honda ikainama kiasi, ikatulia, ikaendelea. Sikusikia "ko!" wala kudunda. Nilichosikia ni mama, anasimulia harusi ya Kizimbani, nani kavaa nini, pilau ilivyokosa chumvi. Akaanza kwetu akamaliza Malindi. Ndipo nikakumbuka kwamba safari zote za nyuma mama hakuwahi kuongea njiani, alikuwa kauma meno.

Maskani wananicheka, wanasema honda imerudi kuwa laini. Poa tu. Alhamisi nina abiria.