Daftari lenye ufunguo mmoja

Vikundi vyetu vingi vya akiba vina sanduku lenye makufuli matatu. Funguo ziko kwa wamama watatu, na sanduku halifunguliwi ila mbele ya wote. Ni vizuri, kwa sababu feza za ndani ni za wote. Lakini kuna maneno ambayo si ya wote: siku za mwezi, kiasi ambacho mama anaweka pembeni kwa ajili ya masomo ya mtoto, huzuni ya yule aliyezikwa.

Wengi wetu tunayaandika kwenye simu, na simu za huku Bukavu mara nyingi si za mtu mmoja. Mtoto anaichezea, shemeji anaiazima, mwenye kutengeneza simu kando ya barabara anaomba kode ili aifungue. Mama mmoja wa kikundi chetu aliacha kabisa kuandika tangu siku daftari lake la karatasi liliposomwa mbele ya wakwe, ukurasa kwa ukurasa. Ni kwa ajili yake tulianza kazi hii.

Sisi ni walimu wawili wa shule ya msingi, pamoja na kijana mmoja anayesoma informatiki. Kwenye chuo cha ualimu hatukufundishwa kompyuta. Tulifundishwa kueleza jambo mpaka mtoto wa nyuma aelewe, na hiyo ilisaidia. Tulitengeneza programu ndogo ya kuandika habari za kila siku. Inafanya kazi bila mega, na hakuna kinachotoka nje ya simu. Unachoandika kinavurugwa kwa hesabu, hata mtu akikifikia anaona herufi zisizo na maana.

Kuvuruga maandishi ni kazi ya zamani. Julius Caesar wa Roma alisogeza kila herufi nafasi tatu: A ikawa D. Tuliwapa watoto wa mwaka wa tano barua ya namna hiyo, wakaifungua kabla ya mapumziko! Ndiyo maana hatukujitungia hesabu yetu. Tulichukua ile inayoitwa AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ambayo serikali ya Marekani iliipitisha mwaka 2001. Simu za leo zinayo tayari. Sisi tunaiita tu. Neno la siri la mama linasagwa mara laki kadhaa kabla halijawa ufunguo. Yeye anangoja kidogo tu, lakini mwizi anayebahatisha anangoja vile vile kwa kila jaribio.

Mabishano yalikuja juu ya kusahau. Wamama wengi walitaka sisi walimu tuwatunzie maneno yao ya siri. Tulikataa. Kama sisi tunaweza kufungua, basi mtu yeyote mwenye kutushika anaweza kutulazimisha tufungue. Akisahau, hatuna la kumsaidia, na tulimwambia kila mmoja hivyo kabla hajaandika hata mstari. Tunashauri maneno matano yasiyohusiana, kama vile sombe, ngazi, mvua, biki, harusi. (Msichukue hayo, yameshatoka hapa!) Mama mmoja mzee akasema: niyaandike kwenye karatasi, niifunge ndani ya bahasha, bahasha iingie katika sanduku la makufuli matatu. Hatukuwa tumefikiria hilo, na ni bora kuliko yote tuliyopendekeza sisi.

Kuna jambo moja ambalo hesabu haiwezi. Mume akisimama juu ya kichwa chako na kusema "fungua", utafungua. Kijana wetu anataka neno la pili linalofungua daftari la uongo, lenye mapishi tu. Sisi tunaogopa: mume akigundua kwamba kuna daftari mbili, nani atampokea huyo mama usiku? Bado tunabishana.

Kwa sasa wamama kumi na mmoja wanaandika. Simu ikiibwa, mwizi hasomi kitu, lakini mwenyewe naye anapoteza yote. Kwa hiyo kila Jumamosi baada ya mkutano tunabaki kidogo, kila mmoja ananakili daftari lake, likiwa limefungwa vile vile, kwenye kadi ya memori. Yule mama wa daftari la karatasi huwa wa kwanza kwenye mstari.