Feni ya Kompyuta, Gambuti na Jiko la Makaa

Leo si Linux wala PHP. Leo ni gambuti na glavu. Mnaoishi huku Kimbo, kati ya Ruiru na Juja, mshanielewa. Ukitoka Thika Road ukaingia ndani kidogo, lami inaisha, na kuanzia Machi hadi Mei matope ndiyo mwenye mtaa. Halafu inakuja Julai: manyunyu na baridi, nguo inashinda kambani siku mbili na bado mbichi.

Naishi na mdogo wangu, mwendeshaji bodaboda. Anarudi saa nne usiku glavu zikichuruzika maji, na saa kumi na moja alfajiri anazihitaji tena. Glavu mbichi si suala la starehe tu. Upepo ukipiga kitambaa chenye maji, vidole vinakufa ganzi, na vidole hivyo ndivyo vinavyoshika breki.

Dawa yake ilikuwa ile ya majirani wengi: jiko la makaa katikati ya chumba, viatu vimelizunguka kama wazee wa baraza, dirisha limefungwa baridi isiingie. Hapo ndipo tulipogombana. Makaa yanayowaka polepole hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hakuna moshi wa kukuamsha. Unalala, basi.

"Kaka, sisi tumelelewa na jiko," akaniambia. Kweli, lakini jikoni kwa mama kulikuwa na mianya kila upande. Hapa ni chumba cha mawe chenye dirisha moja la kioo.

Sasa, kumwambia mtu "usifanye" bila kumpa njia nyingine ni sawa na programu inayosema "hitilafu" halafu inanyamaza. Nikajiuliza: maji yanatokaje kwenye kiatu? Joto linasaidia, lakini hewa ndiyo inayoyabeba. Gambuti ni mpira, maji hayapiti ubavuni, njia ni mdomoni tu. Hewa ya ndani ikishashiba unyevu inakaa pale pale, hata ukikoka moto nje yake. Tena moto wa karibu hupasua mpira na kulegeza gundi ya soli.

Nikatoa feni ya kompyuta mbovu ya mezani, volti 12, na adapta ya ruta ya zamani yenye volti hizo hizo. Nikatafuta katoni, nikaitoboa matundu manne, nikachomeka vipande vinne vya bomba la plastiki. Feni inasukuma hewa ndani ya katoni, mabomba yanaipeleka hadi kwenye vidole vya kiatu na vya glavu. Kabla ya hapo tunashindilia magazeti. Taifa Leo ya juzi inanyonya maji mengi kwa saa moja, kisha tunaitoa.

Ugomvi wa pili ulikuwa tokeni. Piga hesabu: volti 12 mara ampea 0.25 ni wati 3. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo inaizungusha feni saa 333, karibu siku 14 mfululizo. Adapta nayo inakula kidogo, lakini mkebe wa makaa hauwezi kushindana na hapo.

Kwa usiku mmoja glavu zinakauka. Gambuti zenye bitana huchelewa kidogo kule kwenye ncha. Dirisha tunaliacha wazi kiasi cha vidole viwili, maana unyevu uliotoka kiatuni lazima utoke na nyumbani pia.

Mdogo wangu hajausifu mtambo huu hata siku moja. Ila wiki iliyopita aliuliza kama katoni inaweza kuongezwa matundu mawili, ya glavu za mwenzake wa steji. Na jiko? Linawashwa nje ya mlango, ugali ukiiva linabaki huko huko.

Haya, tukutane posti ijayo. Mlale salama.