Tangi Lisilo na Samaki

Mtu aliyezaliwa Uvira, aliyeanza kula ndagala kabla meno yake hayajatimia, ana haki ya kuuliza kwa nini alipe kiingilio ili aonyeshwe samaki. Swali hilo tuliulizwa na wazazi mwezi wa Julai mwaka 2024, tulipotangaza baada ya Misa kwamba tutawapeleka vijana wa kikundi chetu Bujumbura, kuitembelea Musée Vivant. Tulijibu kwamba samaki tunayemjua sisi ni yule wa kwenye beseni la sokoni na wa kwenye sufuria, na kwamba kiumbe ambaye tumemwona akiwa mfu tu hatujamjua bado. Jibu hilo liliwaridhisha wachache. Wengine walinyamaza kwa heshima, nasi tulikielewa kimya chao: ziwa lilikuwa limefungwa tangu tarehe 15 Mei, na katika nyumba nyingi hata nauli ya kwenda sokoni ilikuwa imekosekana. Gharama za safari zilibebwa na chama.

Njia si ndefu. Unavuka mpaka wa Kavimvira, unapita Gatumba, ambako mvua za mwaka ule zilikuwa zimelijaza ziwa hata likaingia katika makazi ya watu, na baada ya muda mfupi umefika mjini. Mlangoni tulielezwa kwamba sehemu moja ya matangi ya samaki inakarabatiwa, hivyo tutaona yale yaliyobaki. Vijana walinung'unika. Kijana akisikia neno "kimefungwa" huona ameibiwa.

Hata hivyo, yaliyobaki yalitosha kuwanyamazisha. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na ndani yake zimo aina zipatazo 250 za samaki wa jamii moja, wale ambao wataalamu huwaita sikilidi. Karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Sisi tunaoga ufukoni kila jioni, nao wako chini ya nyayo zetu. Wapo wadogo kuliko kidole, ambao nyumba yao ni gamba tupu la konokono: humo hulala, humo hutaga, na jirani akikaribia hutoka kumfukuza kwa ushujaa usiolingana na umbo lao. Wapo ambao jike huyakusanya mayai kinywani na kuyaatamia humo, na hata watoto wakiisha kuanguliwa, wakitishwa hukimbilia tena katika kinywa cha mama yao. Mtunzaji aliyetuongoza, mzee mpole mwenye Kiswahili cha Buyenzi, alitueleza pia habari ya kambare mdogo mwenye madoadoa ambaye hungoja jike wa namna hiyo anapotaga, kisha huingiza mayai yake katikati ya mayai ya mwenzake. Jike huyaokota yote bila kubagua. Watoto wa kambare huanguliwa mapema, na humo kinywani huwala watoto wa mlezi wao. "Mwalimu," alisema kijana mmoja, "huyo ni mpangaji anayekula watoto wa mwenye nyumba." Walicheka sana. Sisi tulishangaa zaidi kwamba Mungu aliyeumba kinywa kuwa utoto wa kulelea ameruhusu hata hayo, lakini tuliona somo hilo tuliache kwa siku nyingine.

Waliulizia ndagala na mukeke. Hawakuwemo. Hao ni samaki wa maji mapana, huenda kwa makundi makubwa mbali na pwani. Ndagala hasa ukimshika tu amekwisha kufa. Yule anayetulisha sisi sote hawezi kufugwa ndani ya kioo.

Ndipo tulipofika kwenye sehemu iliyofungwa. Palikuwa na kamba tu, na harufu ya saruji mbichi. Nyuma ya kamba tuliona yale ambayo mgeni wa siku za kawaida haonyeshwi: mabomba, pampu, ndoo, na migongo ya matangi isiyopakwa rangi. Katika chuo cha ualimu walimu wetu walikuwa wakituambia kwamba somo jema huanzia kwenye kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukigusa kwa mkono. Basi tulimwomba mtunzaji aturuhusu kusimama hapo, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote.

Tangi moja lilikuwa limekwisha kutengenezwa. Kioo kilikuwa kipya, mawe yamepangwa, maji yanazunguka, taa inawaka, lakini samaki hata mmoja hamna. Vijana waliuliza kwa nini samaki hawarudishwi. Mzee alijibu: "Tangi limekwisha. Maji hayajaiva."

Alitufafanulia kwa subira. Samaki anapopumua na anapokula hutoa uchafu uitwao amonia, nao ni sumu kwake mwenyewe. Katika maji mapya, masafi kabisa, hakuna wa kuiondoa sumu hiyo. Ukimtia samaki humo leo, baada ya siku chache atakuwa amejiua kwa uchafu wake. Inapasa kwanza bakteria wasioonekana kwa macho wakae juu ya mchanga, juu ya mawe na ndani ya chujio. Wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kisha huja wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Kazi hiyo huchukua wiki nne, pengine sita, wala hakuna anayeona kitu. Mgeni akipita husema tangi ni tupu. Tuliuliza kama hakuna njia ya kuharakisha. Iko, alisema: unachukua konzi ya mchanga kutoka tangi la zamani, ule mchafu, unaochukiza kuutazama, unautia katika tangi jipya. Hapo sisi wenye mvi tulitazamana na kutabasamu.

Kisha akatuonyesha samaki wenyewe. Walikuwa wamehamishiwa katika mapipa ya plastiki kando ya ukuta, wakibanana kidogo, kila pipa na mpira wake wa hewa. Alituambia kwamba huwapa chakula asubuhi na jioni, na hubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara, maana ndani ya pipa uchafu hujaa upesi. Alisema siku za ukarabati humpa kazi kubwa kuliko siku za kawaida.

Kijana mmoja wetu, ambaye baba yake ni mvuvi, alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi. Aliliinamia pipa, akasema bila kumtazama mtu: "Mwalimu, hawa wamefungiwa tangi lao, lakini kila asubuhi wanaletewa chakula. Baba amefungiwa ziwa. Yeye analetewa na nani?"

Mzee alijifanya kushughulika na mpira wa hewa. Vijana walitutazama sisi.

Tungeweza kumjibu kwa sababu za kufunga ziwa, nazo ni za kweli. Wavuvi wenyewe wanashuhudia kwamba nyavu zinapanda nyepesi. Nyavu za kuburuta ufukoni, na vyandarua vilivyogawiwa kwa ajili ya mbu, vinazoa hata wadogo waliozaliwa juzi, mahali pale pale wanapolelewa. Tena ziwa lenyewe limedhoofika. Chakula cha samaki hutoka kwenye rutuba iliyotulia kilindini, nayo hupandishwa na upepo wa kusini unaovuma wakati wa kiangazi na kuyachanganya maji. Huo ndio pampu ya Tanganyika. Lakini maji ya juu yamepata joto, yanaelea juu ya yale baridi kama mafuta, na upepo hauna tena nguvu ya kuyachanganya kama zamani. Wataalamu waliyaandika hayo tangu mwaka 2003. Kwa hiyo nchi zinazolizunguka ziwa zilipokubaliana kulipumzisha miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, hazikufanya jambo la kipumbavu. Wapo wanaosema mitaani kwamba kufunga ziwa ni adhabu kwa maskini iliyobuniwa na watu wasiokula ndagala. Hatukubaliani nao.

Lakini kijana hakuuliza kwa nini ziwa limefungwa. Alijua. Aliuliza ni nani anayemlisha aliyefungiwa, na mbele ya mapipa yale sababu zetu zote hazikuwa jibu. Baadaye, ndani ya basi, alituambia kwa sauti ndogo kwamba baba yake hutoka baadhi ya usiku bila taa, na kwamba chandarua cha wadogo zake hakipo tena kitandani.

Tumeifundisha miaka mingi sheria ya mwaka wa sabato. Mungu aliwaagiza Waisraeli waiache ardhi ipumzike kila mwaka wa saba, wasipande wala wasivune. Tunapoifundisha, mara nyingi tunakomea hapo, tunasifu hekima ya kuipumzisha ardhi, na siku hizi tunaongeza maneno ya Baba Mtakatifu Fransisko kutoka Laudato si' ya mwaka 2015. Lakini katika kitabu cha Kutoka sheria ile ile inaendelea: yale yanayoota yenyewe mwaka huo yaachwe ili maskini wapate kula. Agizo la kupumzisha na agizo la kulisha yametoka katika kinywa kimoja. Anayelichukua la kwanza na kuliacha la pili amelipasua neno, hata kama mikono yake ni misafi na ziwa lake limejaa samaki.

Jumapili iliyofuata tulilipeleka swali la kijana mbele ya mashirika, jinsi alivyolisema, bila kutaja jina lake. Hatukupata mengi. Mwezi mmoja ulikuwa umebaki, na watu wetu si matajiri. Palipatikana unga wa mahindi, mihogo, maharage kidogo na mafuta. Vijana walivibeba kichwani hadi nyumba kumi na moja za wavuvi, kila Jumamosi, mpaka sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria Mbinguni, iliyoangukia tarehe ile ile ya kufunguliwa kwa ziwa. Katika nyumba mbili tulikataliwa. Mwenye nyumba alisema yeye si ombaomba, naye tulimheshimu. Kama chandarua kilirudi kitandani hatukuuliza. Mtu hapelekewi unga ili achunguzwe.

Jioni ya sikukuu tulikwenda ufukoni. Mitumbwi ilikuwa ikiwasha taa moja moja, na vijana walihesabu kwa sauti hadi hesabu ikawapotea. Asubuhi yake ndagala waliuzwa Kavimvira kwa bei ambayo wengi wetu hatukuiweza.

Ziwa likifungwa tena, hatutaki kuanza kukusanya mwezi wa Julai. Kila shirika limeombwa kutenga kopo moja la unga kwa nyumba moja, kila mwezi tangu Januari, na unga huo utatunzwa katika chumba kilicho nyuma ya sakristia, ambacho paa lake bado linavuja upande mmoja. Daftari la hesabu tumemkabidhi kijana yule. Amekwisha kuchora mistari yake na kuandika majina ya mashirika yote. Safu ya nyumba zitakazopokea ameiacha wazi, na amesema wenye nyumba ndio watakaokuja kuijaza, wakipenda.