Kamba Mpya Haitoshi

Wasee, babu yangu ni Mwaweer wa Ijara, wale mnaita Boni. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, lakini upinde wake bado uko nyumbani. Juzi upote, yaani ile kamba, ukakatika. Nikafunga mpya, nikawasha kamera. Mshale ukaanguka karibu, kamba ikanichapa mkono. Nikalaumu upinde.

Babu akacheka. "Mjukuu wangu, kamba mpya hulegea. Itoe, isokote ifupike, ufunge tena." Tulisokota mara tatu ndio mshale ukafika kwa gunia.

Mimi niliacha chuo nikadhani kubadilisha kamba ndio kumaliza kazi. Mwaka mzima nimelaumu upinde. Kama umeanza upya na bado unakosa, usitupe kitu. Sokota tena.