Mgao wa Lamalera

Wahenga walisema kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Laiti wangalifika Lamalera, wangaliongeza kuwa mkono mmoja haumvuti nyangumi. Lamalera ni kijiji kilichoko pwani ya kusini ya kisiwa cha Lembata, katika mkoa wa Nusa Tenggara Mashariki nchini Indonesia. Taifa hilo lina visiwa zaidi ya 17,000, na Lembata si miongoni mwa vile ambavyo majina yake yako midomoni mwa wageni. Hata hivyo, kijiji hiki chenye watu wapatao elfu mbili kimewahi kuandikiwa vitabu na kupigiwa picha nyingi, kwa sababu wakazi wake wangali wanamwinda nyangumi mkubwa mwenye meno kwa chusa ya mkono. Wanaolisikia jina la Lamalera hukimbilia swali moja: je, ni haki kumwua mnyama huyo? Swali hilo si baya. Ila anayetaka kukielewa kijiji chenyewe hana budi kumwacha nyangumi kwa kitambo na kuutazama mgao, kwa maana huko ndiko uliko uhai wa Lamalera.

Yafaa kuanza na ardhi, kwani ndiyo iliyowasukuma watu hawa baharini. Kijiji kimejibanza kwenye mteremko mkali wa mawe ya volkeno, sehemu moja juu na nyingine chini karibu na ufuo. Udongo ni haba, na mahindi hayastawi pale kama yanavyostawi kwenye vijiji vya milimani. Masimulizi ya wazee hueleza kwamba mababu walifika kwa madau baada ya kuyakimbia maafa walikotoka, wakakuta ardhi nzuri tayari ina wenyewe. Basi aliyekosa konde alifanya bahari kuwa konde lake. Aidha, mji mkuu wa wilaya, Lewoleba, uko upande wa pili wa kisiwa, na kwa miaka mingi safari ya kwenda huko ilikuwa ya saa kadhaa juu ya lori, katika barabara ambayo mvua iliigeuza matope. Umeme nao kwa muda mrefu ulikuwa wa jenereta, tena wa saa chache za usiku. Mtu aliyezaliwa hapo alijifunza mapema kwamba msaada wa mbali huchelewa, na kwamba jirani ndiye ghala lake.

Chombo cha kuwindia huitwa peledang. Ni dau lenye urefu wa mita kumi hivi au zaidi kidogo, lenye marengu pande mbili, na mbao zake huunganishwa kwa vigingi vya mti pasi na msumari wowote wa chuma. Tanga lake la jadi ni mkeka uliosukwa kwa majani ya mnyaa wa huko. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakumbuka ngalawa, na hatakuwa amekosea, kwani wataalamu wengi wanaamini kuwa ufundi wa marengu ulivushwa na watu wa visiwa hivyo hivyo vya mashariki waliosafiri hadi Madagaska na pwani yetu. Lakini lililo muhimu zaidi ni kwamba peledang si mali ya mtu mmoja. Lina jina lake, lina nyumba ya ukoo inayolitunza, na likichakaa huundwa jingine kwa jina lile lile. Watu hufa, dau huendelea.

Msimu mkuu wa uwindaji, unaoitwa lefa, huanza mwezi wa Mei na kuendelea hadi Oktoba. Anapoonekana nyangumi, mwito wa "Baleo!" hupaazwa kutoka mdomo hadi mdomo mpaka kijiji kizima kinatikisika. Madau husukumwa majini, makafi hupigwa, na kwenye omo husimama mpiga chusa, ambaye kwa lugha ya kwao huitwa lamafa. Huyu harushi chusa kutoka mbali kama mkuki. Huruka nayo, akaishindilia mgongoni mwa mnyama kwa uzito wa mwili wake wote, kisha akaogelea kurudi chomboni. Kinachofuata ni kuvutana na mnyama ambaye uzani wake waweza kupita tani arobaini. Mwaka wa 1994 baadhi ya madau yaliburutwa mbali sana kuelekea Timor. Vyombo vilipotea, na mabaharia waliokuwa wamekata tamaa wakaokolewa na meli ya watalii iliyokuwa ikipita. Si kila mara meli imepita.

Kwa hiyo Mei haiingii kwa mbwembwe tu. Wakazi wa Lamalera ni Wakatoliki tangu wamisionari walipoanza kazi huko mwishoni mwa karne ya 19, na usiku wa kuamkia msimu hufanyika misa ya kuwakumbuka waliomezwa na bahari. Mishumaa huelea majini, na asubuhi yake madau hubarikiwa mbele ya kanisa dogo la Mtakatifu Petro lililoko ufuoni. Kando ya ibada hiyo kuna mila kongwe zaidi. Mwenye ugomvi nyumbani hapaswi kwenda baharini kabla ya kupatana na mwenziwe. Chusa ikikosa mara kwa mara, mafundi hawachunguzi ncha yake tu, bali huulizana pia ni nani aliyenuniana na nani. Mgeni anaweza kuuita huu ushirikina. Lakini chombo chenye watu kumi na zaidi ambao maisha ya kila mmoja yamo mikononi mwa mwenzake hakiwezi kubeba kinyongo, na huenda mila hii ilitambua hivyo kabla ya wasomi kuupata msamiati wa kulieleza jambo hilo.

Nyangumi akiisha kuvutwa ufuoni, ndipo kazi ya pili huanza, nayo haifanywi kwa pupa. Mwili wake hugawanywa kwa kanuni ambayo kila mtu mzima anaijua. Kuna fungu la mpiga chusa na mafungu ya wapiga makafi. Kuna fungu la fundi aliyeliunda dau, la mhunzi aliyeifua chusa na la aliyelishona tanga. Kuna fungu la ukoo wenye dau, na kuna fungu la ukoo unaohesabiwa kuwa wenye ardhi tangu kabla ya wahamiaji kufika. Hayo ni mafungu ya kwanza tu. Kila fungu linapofika nyumbani hukatwakatwa tena, likapelekwa kwa shangazi, kwa wakwe, kwa jirani mgonjwa na kwa mjane ambaye hana mwana wa kumpeleka baharini. Nyama hukatwa vipande virefu na kuanikwa kwenye vichanja vya mianzi, na mafuta yanayochuruzika hukingwa ili yawashe taa. Jioni ya pili huwa vigumu kuipata nyumba isiyonuka nyangumi.

Mgao huo hauishii kijijini. Wanawake wa Lamalera hujitwika nyama iliyokauka, wakapanda milima kwa miguu, wakaibadilisha kwa mahindi, ndizi, mihogo na mboga. Aidha, kuna soko la Wulandoni kila Jumamosi, ambako watu wa pwani hukutana na watu wa bara na kubadilishana mali kwa mali. Kipimo kilichozoeleka ni kipande kimoja cha nyama kwa magunzi kumi na mawili ya mahindi, au ndizi kwa hesabu hiyo hiyo. Ikumbukwe kuwa mwanamume husifiwa kwa kuruka na chusa, ilhali ni mwanamke anayeigeuza nyama ile kuwa chakula cha mwaka mzima. Bila miguu yake, nyangumi angekuwa karamu ya wiki moja na njaa ya miezi iliyosalia.

Je, maisha ya namna hii huacha alama gani ndani ya mtu? Mwaka wa 2001 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika jamii ndogo 15 za mabara mbalimbali, zikiwemo Waorma wa Kenya na Wahadzabe wa Tanzania. Mtu alipewa kiasi fulani ili amgawie mwenzake asiyemjua. Mwenzake akikubali, kila mmoja hupata fungu lake; akikataa, wote wawili hukosa. Watu wa Lamalera waliongoza kwa ukarimu, kwani kwa wastani walitoa zaidi ya nusu. Nadharia za uchumi zinazomchukulia binadamu kuwa kiumbe wa kujipendelea hazikuwa zimewatarajia watu kama hao. Kumbe mtu aliyekuzwa akikatiwa fungu la nyangumi ambaye hakumwua mwenyewe haoni ajabu kumkatia mwenzake.

Hapo ndipo ilipo hatari inayostahili kutajwa. Mnamo mwaka wa 1973 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilimtuma mtaalamu kutoka Norwei akawafunze wanakijiji uwindaji wa kisasa. Nia ilikuwa njema: nyama zaidi kwa jasho pungufu. Mradi ulidumu takriban miaka mitatu, ukafungwa. Ripoti ya shirika lenyewe ilikiri kuwa wanakijiji walikuwa tayari na mbinu iliyolingana na mazingira na desturi zao. Kilichosahaulika katika hesabu ya mwanzo ni kwamba dau la watu kumi lina mafungu kumi, na mashine ya watu wawili ina mangapi?

Swali hilo halikuondoka na mgeni yule. Siku hizi boti ndogo zenye mota ya nje ni za kawaida Lamalera, na hata peledang mara nyingi hukokotwa na boti hizo hadi karibu na windo ndipo liachiwe. Kuna na nyavu, ambazo mtu na nduguye wanaweza kuzitega bila kuwaita ukoo. Petroli hainunuliwi kwa kipande cha nyama, na karo ya shule hailipwi kwa magunzi ya mahindi. Fedha taslimu zimeingia, nazo zina tabia ambayo nyama haikuwa nayo: haziozi. Mwenye nyama nyingi hulazimika kugawa kabla haijaharibika, ilhali mwenye noti anaweza kuzikunja na kunyamaza.

Shule nayo ni neema yenye gharama yake. Lamalera imetoa mapadri, walimu na maafisa wengi kuliko inavyotarajiwa kwa kijiji cha ukubwa wake. Wapenzi wa lugha watafurahi kujua kwamba Gorys Keraf, mwanaisimu ambaye vitabu vyake vya sarufi na utungaji vimetumiwa na vizazi vya wanafunzi wa Indonesia, alizaliwa papo hapo mwaka wa 1936. Tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka wa 1978 ilihusu mofolojia ya lahaja ya Lamalera. Bila shaka kijiji kilipoteza mpiga kafi, lakini lahaja ya kijiji ikapata sarufi yake. Si wote wanaoondoka huondoka mikono mitupu, wala si wote hurudisha kitu.

Wakati huo huo, dunia ya nje imezidi kubisha hodi kwa sheria. Marufuku ya kimataifa dhidi ya uwindaji wa kibiashara wa nyangumi yalianza kutekelezwa mwaka wa 1986, ingawa Indonesia haikuwa mwanachama wa tume iliyoyatoa. Mwaka wa 2009 serikali ilitangaza hifadhi katika Bahari ya Sawu. Wanakijiji walipinga vikali, na maji ya Lembata yakaachwa nje ya mipaka yake. Mwaka wa 2014 samaki aina ya taa mkubwa, ambaye Lamalera imemvua tangu jadi, alilindwa kisheria nchini kote. Haifai kuwabeza wanaoitetea bahari. Idadi ya nyangumi ilishuka vibaya katika karne iliyopita, na bahari haina mpaka unaolinda kosa la yeyote. Hata hivyo, walioipunguza ni meli za viwanda za mataifa makubwa, wala si madau ya vigingi yaliyongoja mnyama apite mbele ya ufuo. Isitoshe, watu hawa wana miiko yao: nyangumi wasio na meno hawawindwi kabisa, kwa kuwa masimulizi yanasema mmoja wao aliwahi kuwaokoa mababu.

Si haki pia kuipamba Lamalera kana kwamba ni paradiso. Kuna miaka ambayo bahari hunyima, na mkeka wa mjane hukaa bila kitu. Kuna vijana ambao hawataki kamwe kuruka na chusa, na hakuna mgeni mwenye kamera aliye na haki ya kuwalaumu. Wanayo haki ya barabara nzuri, umeme, zahanati na kazi isiyoua. Kijiji si jumba la makumbusho.

Lakini kila jipya linapoletwa, liwe sheria, mota, noti au hifadhi, lipimwe kwa mizani ambayo wazee wa Lamalera wangeitambua: je, baada yake, fungu la mjane litapelekwa na nani? Anayeipiga marufuku chusa bila kulijibu hilo ameondoa zaidi ya chusa. Anayeleta mashine bila kulijibu hilo, naye ameondoa zaidi ya jasho. Nyangumi akiacha kuvutwa ufuoni, huenda watu wakapata kitoweo kingine. Mgao ukikoma, kila nyumba itabaki kula peke yake, hata ikiwa na chakula maridhawa.