Mtungi wa Baba

Swali la 14 katika dodoso la utafiti wangu linasema: "Je, mpishi mkuu wa kaya hii hukohoa asubuhi?" Nimeliuliza katika kaya 62, nikiwa nimekaa kwenye vigoda na mikeka ya watu, kalamu mkononi. Nasoma shahada ya uzamili ya nishati Dar es Salaam, na tasnifu yangu inahusu majiko sanifu. Mama yangu anabanika samaki Mwanza tangu kabla sijaanza darasa la kwanza. Yeye sikuwahi kumuuliza.

Nililikumbuka swali hilo mwaka jana, usiku wa pili baada ya kufika nyumbani Mkuyuni kwa likizo. Saa kumi na moja alfajiri nilimsikia mama akikohoa uani. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu aliyekwisha kukizoea na asiyetaka kuamsha watu. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika kumi na tisa nikaacha.

Kazi ya mama ni hii. Ananunua sangara Mwaloni, Kirumba, anawakata vipande, anawaosha kwa maji ya chumvi, anawaacha wachuje maji, kisha anawapanga kwenye wavu wa chuma juu ya tanuri la matofali. Moto uko chini, samaki juu, na juu ya samaki kuna bati kuukuu. Tanuri halina bomba la moshi. Moshi hutoka popote utakapopata upenyo, na mara nyingi upenyo huo huwa usoni pa mama, maana kila baada ya dakika chache lazima ainue bati ageuze vipande.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Namba hiyo iko ukurasa wa kwanza wa tasnifu yangu. Asubuhi ile nilikunywa chai nikimwangalia mama akifuta macho kwa pindo la kanga, nikaona aibu ambayo sikuwa na mahali pa kuiandika.

Nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, kulikuwa na mtungi wa kompresa ya baba. Baba alikuwa fundi wa pancha. Kwa miaka kumi na saba alijaza upepo magurudumu ya daladala, ya malori ya mchanga na ya baiskeli za watoto ambao hakuwatoza hela. Alipopatwa na kiharusi, kompresa ililetwa nyumbani. Mota iliuzwa mwaka ule ule nilioanza chuo. Hakuna aliyeniambia iliuzwa kwa ajili ya nini. Nilichojua ni kwamba ada yangu ililipwa. Baba alifariki nikiwa mwaka wa tatu, na mtungi ukabaki pale, mwekundu, umelala juu ya miguu yake minne, kuku wakitagia chini yake.

Nilikuwa nimesoma kuhusu majiko ya kubanikia nyama ya kule Texas, Marekani. Moto haukai chini ya nyama. Unakaa kwenye chumba chake pembeni, na joto na moshi hupita ndani ya mtungi mrefu kisha hutokea kwenye bomba upande wa pili. Wengi huyatengeneza kwa matangi makuukuu ya gesi. Aaron Franklin, mbanika nyama maarufu wa mji wa Austin, anatumia matangi ya galoni 1,000. Nikawaza, nyama au samaki, moshi ni ule ule. Anayepika anaweza kukaa upande mmoja na moshi ukatokea upande mwingine, juu ya kichwa chake.

Kaka yangu hakufurahi. Alikuwa ameshaongea na mnunuzi wa chuma chakavu.

"Wewe mtungi huo unaujua kwa macho," aliniambia. "Mimi ndiye niliyekuwa nauburuta kila asubuhi."

Hilo lilikuwa kweli. Mimi nilipelekwa shule ya bweni, yeye akabaki na baba barabarani. Tukakubaliana hivi: jiko likishindikana, atauza chuma chote na hela itakuwa yake, nami sitafungua mdomo.

Nilichukua futi nikapima. Kipenyo kilikuwa sentimita 50 na urefu 120, kwa hiyo ujazo ulikuwa kama lita 235. Wajenzi wengi wa majiko haya hukifanya chumba cha moto kiwe karibu theluthi ya mtungi, nami nikachora kisanduku cha sentimita 42 kwa 42 kwa 45, yaani lita 79. Bomba la moshi liwe la kipenyo cha sentimita 10. Nilichora kwa rula, nikaandika vipimo vyote, na nakiri kwamba nilijiona mhandisi kweli.

Fundi wa kuchomelea niliyempelekea mchoro alijifunza kazi kwa baba kabla ya kuhamia kwenye vyuma. Aliutazama mchoro, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mtungi huu uliwahi kuwekwa kitu kingine zaidi ya upepo?"

Nikamjibu hapana.

"Una uhakika? Maana ungekuwa wa mafuta au gesi, nisingeugusa mpaka uoshwe na ujazwe maji. Mabaki ya mvuke tu yanalipuka. Nimemzika mwenzangu kwa ajili hiyo."

Tulifungua vizibo vyote. Kile cha chini kilitoa maji meusi yenye kutu na mafuta ya kompresa, na tuliuacha wazi siku mbili. Kaka alileta bomba la maji lililopakwa zinki, akisema litafaa kwa moshi na ni la bure. Fundi akalikataa. Zinki ikiungua, alisema, moshi wake unakulaza na homa usiku kucha, na tena hili ni jiko la chakula. Tukanunua bomba la chuma cheusi.

Kabla ya kukata ilibidi tuunguze rangi. Hapo ndipo nilipoona maandishi. Baba hakuwa na daftari la madeni, alikuwa anakwaruza mtungi kwa msumari. Ubavuni, karibu na miguu, zilikuwepo safu tatu za mikwaruzo: majina ya utani ya madereva, namba za magari, na shilingi mia tano tano zilizojumlishwa. Baadhi zilikuwa zimekatwa kwa mstari. Nyingi zilikuwa bado.

Nilimwita mama. Aliinama, akasoma kwa kidole kama anayechambua mchele. Alipofika kwenye jina moja akacheka.

"Huyu alisema analeta jioni."

Fundi alikuwa ameshika kiberiti. Kaka alikuwa ametoa simu, anapiga picha. Hakuna aliyetaka kusema kitu, na nilikuwa karibu kusema tuache, tutafute pipa la kawaida. Mama akanyoosha mgongo.

"Hao hawatalipa tena," alisema. "Chomeni."

Rangi iliungua kwa saa nzima. Ilitoka moshi mweusi unaonuka, na sote tulikaa mbali. Moto ulipozima, chuma kilikuwa cha kijivu na maandishi hayakuonekana tena, ila ukipitisha mkono uliweza kuhisi baadhi ya mikwaruzo.

Jiko lilichukua siku nne. Fundi alikata mlango mrefu ubavuni kwa grenda, akafunga bawaba, akachomelea chumba cha moto upande wa kulia na bomba upande wa kushoto. Ndani tuliweka wavu. Tulilipaka mafuta ya kula ndani kote na kulichoma tena mpaka chuma kikawa cheusi na kung'aa. Mimi nilinunua kipimajoto, nikakifunga mlangoni.

Siku ya kwanza mama alinipa vipande kumi na viwili. Si vibovu, lakini niliona kwamba hakunipa vile vya mteja. Niliwasha moto mkubwa. Kisha, nikitaka moshi ukae ndani ufanye kazi, nikaziba bomba zaidi ya nusu. Moshi ukawa mzito, mweupe kama ukungu wa ziwani, ukivuja kila ungio. Nilifurahi. Kwa macho yangu jiko lilikuwa linafanya kazi sana.

Baada ya saa tatu nikafungua. Vipande vya karibu na moto vilikuwa vimeungua. Vya upande wa mbali vilikuwa vibichi ndani. Na vyote vilikuwa na utando mweusi, unaonata. Mama alichukua kidogo, akatafuna, akageuka kando akatema. Kaka hakusema neno. Alikwenda tu akakaa juu ya tofali na kuanza kutafuta namba kwenye simu yake.

Nilijua kilichotokea, kwa vitabu. Moshi mweupe mzito ni kuni ambazo hazikuungua vizuri kwa kukosa hewa. Mvuke wake ukikutana na kitu cha baridi unaganda na kuwa kama lami, na lami hiyo ni chungu. Nimeifundisha sentensi hiyo kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Lakini nikiwa mbele ya moto nilifanya kinyume chake, maana moshi mwingi ulionekana kama kazi nyingi.

Jioni mama alikuja kukaa karibu nami.

"Bomba uliliziba kwa nini?"

Nikamweleza.

"Mimi samaki siwaweki kabla moshi haujawa mwembamba," alisema. "Ule wa kwanza naupisha uende zake. Moshi ukikwama unaoza, mwanangu. Hata chini ya lile bati langu naacha pengo."

"Sasa mbona hukuniambia asubuhi?"

"Nilikuwa nasubiri uulize."

Hakusema kwa ukali. Akainuka kwenda kufunga kuku. Nilibaki pale nikifikiria kaya 62 nilizoziuliza maswali 40 kila moja, na kwamba katika maswali yote hayo hakuna hata moja lililomuuliza mpishi anajua nini kuhusu moto. Tulikuwa tumemuuliza anaumwa nini, anatumia kuni kiasi gani, ana kipato gani.

Kesho yake nilimuuliza, na nikaandika majibu nyuma ya mchoro wangu. Kuni za mpera na mwembe, ziwe kavu kiasi kwamba zikigongana zinalia. Mabaki ya useremala yenye rangi au gundi hataki kuyaona. Moto uwe mdogo na uchochewe mara kwa mara. Kuhusu joto, aliingiza kiganja juu ya wavu akahesabu polepole. Akifika saba bila kuutoa, ni sawa. Akiishia tatu, samaki wataiva nje wabaki wabichi ndani. Niliangalia kipimajoto kila alipofanya hivyo. Saba yake ilikuwa karibu nyuzi 85. Tulirudia mara nne na haikuachana na hapo kwa zaidi ya nyuzi tano.

Fundi alirudi na kufanya mabadiliko mawili. Bomba, ambalo nilikuwa nimelichora juu kabisa, alilishusha hadi usawa wa wavu ili moshi upite kati ya samaki badala ya kukimbilia juu. Na juu ya njia ya moto aliweka bamba la chuma lenye matundu, madogo karibu na moto na makubwa kadiri yanavyokwenda mbali, ili joto lisiishie upande mmoja. Bamba hilo ndilo kipande alichokata alipofungua tundu la chumba cha moto, kwa hiyo hatukununua kitu.

Mara hii nililiacha bomba wazi. Moshi uliotoka juu ulikuwa mwembamba, wa rangi ya samawati, na ukitazama vibaya usingeuona. Baada ya saa tano vipande vilikuwa vya rangi ya asali, vikavu nje. Mama alikula kimoja kizima amesimama. Kaka alikula viwili, akasema vingependeza na ndimu, na habari ya chuma chakavu haikurudi.

Ningependa kumalizia hapo, lakini mtungi wa baba unabeba vipande 36. Tanuri la mama linabeba zaidi ya 100. Siku za kupeleka mzigo Mwaloni hawezi kulitegemea jiko langu, na alinieleza hivyo bila kuzunguka. "Una mitungi mingine miwili?" aliuliza. Sikuwa nayo.

Kilichosaidia zaidi hakikuwa wazo langu. Siku moja kabla sijaondoka nilimkuta mama na kaka wanabomoa ukuta wa nyuma wa tanuri la matofali. Walitoboa tundu, wakaingiza lile bomba la zinki? Hapana, nilikimbia kuuliza kwanza: ilikuwa kipande kilichobaki cha bomba jeusi, na kaka alikuwa amekiunganisha na kingine. Mlango wa kuni waliuhamishia ubavuni. Mama alikuwa ameliangalia jiko la mtungi kwa wiki mbili, akachukua alichokitaka.

Sasa niko Dar es Salaam na tasnifu inaendelea. Nimeongeza swali kwenye dodoso, na msimamizi wangu ameuliza majibu yake nitayachambuaje. Bado sina jibu zuri. Kaka huupaka mtungi mafuta kila mwisho wa mwezi, na Jumapili hubanika kuku wa majirani kwa hela ndogo. Madeni yao anayaandika kwenye simu.

Juzi mama alipiga kuniambia mlango wa mtungi umeanza kupinda kwa joto na kwamba bei ya sangara imepanda. Tuliongea dakika kumi na moja. Alikohoa mara mbili. Inawezekana zilikuwa tatu, maana katikati lori lilipita barabarani na sikusikia vizuri.